Ghala la Picha Lililo Mbali, na Ufunguo Wake

Wanachama wenzetu,

Katika toleo hili tumeona inafaa tueleze jambo ambalo wengi wenu mmetuuliza tangu msimu uliopita: kwa nini tovuti ya chama chetu ilisimama, na tunakusudia kufanya nini ili isisimame tena. Tumejaribu kutumia maneno mepesi, maana fedha zitakazotumika ni zenu, na katika mkutano mkuu ninyi ndio mtakaoamua.

Kwanza yatupasa tukiri kosa letu. Vuno lilikuwa limepamba moto, majamvi yamejaa kila kiwanja, na karani wa ofisi alitaka kuweka katika tovuti picha za uanikaji. Mashine ikamjibu kwamba nafasi imekwisha. Akangoja, akajaribu tena, ikamjibu vile vile. Kesho yake kurasa zenyewe zikaanza kukataa kufunguka. Katika haraka ya kuokoa jahazi tukaamua kufuta picha za zamani ili ipatikane nafasi, na kweli tovuti ikafunguka. Lakini katika hizo tulizofuta zilikuwamo picha za mkutano wa kwanza wa chama, wazee wetu wameketi chini ya mwembe, na wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Hatukuwa na nakala nyingine. Mzee mmoja alikuja ofisini kutaka picha ya marehemu kaka yake, nasi tukakosa la kumwambia.

Kamati ilipokaa ilikata shauri kwamba kosa hili lisirudiwe. Tukatumwa watu wawili wa ofisi kwenda Moshi, kwa kuwa tulisikia kwamba chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro kilikuwa kimepatwa na shida kama yetu, kikapata dawa yake. Haya ndiyo tuliyorudi nayo.

TULIYOYAONA MOSHI

Huenda mtu akauliza: mkulima wa karafuu atajifunza nini kwa mkulima wa kahawa? Jawabu ni kwamba watu wa Kilimanjaro wamezoea tangu zamani jambo ambalo sisi hatukulizoea, nalo ni kuuza mali ambayo haipo mbele ya macho. Kwetu, mkulima huchukua gunia lake mpaka kituo cha ununuzi cha Shirika la Biashara la Taifa. Karafuu hutazamwa, hupimwa, naye akalipwa. Gunia, mizani na fedha viko chini ya paa moja.

Njia ya kahawa ni ndefu zaidi. Mkulima huchuma matunda mekundu kihambani kwake, kati ya migomba, akayamenya, akaziosha buni na kuzianika, kisha akazipeleka katika ghala la chama chake cha msingi na kupewa stakabadhi. Kutoka huko buni hushuka mjini kukobolewa. Kiwanda cha kukoboa kahawa cha Moshi kilianza mwaka 1920, na mwaka 1933 vyama vya wakulima viliungana katika chama kikuu cha KNCU. Kahawa iliyokobolewa hupangwa kwa madaraja, kila fungu likapewa nambari yake, na sampuli kidogo ikachukuliwa ili ionjwe.

Sasa angalieni jambo hili. Kwa miaka mingi, katika mnada wa kahawa wa Moshi, wanunuzi walikaa ukumbini na orodha yenye nambari za mafungu, wakashindana kwa bei, na hakuna gunia hata moja lililoingia ukumbini. Magunia yalikuwa ghalani. Aliyeshinda na kulipa ndiye aliyepewa hati ya kwenda kuyatoa. Lau magunia yote yangaliletwa ukumbini, watu wangalikosa pa kukaa.

Kijana anayeshughulikia tovuti ya chama kile cha mlimani alitufundisha kwa mfano huo huo. Alisema, "Tovuti ni ukumbi wa mnada. Picha ni magunia. Ninyi mliyaingiza magunia ukumbini, ndiyo maana mlango ulikataa kufunguka." Tukacheka, lakini tukaona kwamba amesema kweli.

WINGU NI KITU GANI?

Watu husema kwamba picha zimewekwa "katika wingu". Siku tuliyofika Moshi Mlima ulikuwa umejifunika mawingu tangu asubuhi, na mwenzetu akatania kwamba labda ndimo picha zilimo. Hapana, hilo ni jina tu. Wingu la watu wa kompyuta ni majumba makubwa yaliyojengwa juu ya ardhi hii hii, yenye kompyuta nyingi zinazofanya kazi usiku na mchana, umeme wa akiba, na mitambo ya kupoza joto. Mwenye majumba hukodisha nafasi, na kila mtu hulipa kwa kadiri anavyotumia, kama watu wanavyolipia ghala bandarini.

Kampuni ya Amazon ya Marekani ilifungua huduma yake ya namna hii, iitwayo S3, mwezi Machi 2006, na ghala la kila mpangaji ikaliita "ndoo". Tangu hapo makampuni mengine mengi yamefuata. Amazon ina majumba yake Cape Town tangu mwaka 2020, na Google ilifungua yake Johannesburg mwaka 2024. Kwa hiyo ghala la picha zetu si lazima liwe Ulaya au Marekani; laweza kuwa katika bara letu hili.

Njia ya kufikia ghala hilo ni intaneti, na sehemu kubwa ya safari hupita katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Wala mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya mjini tu. Mwezi Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano, TTCL, lilifikisha intaneti ya kasi katika kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na kabla mwaka ule haujaisha ikafika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Mgeni aliye kileleni aweza kupeleka picha kabla hajaanza kushuka. Ikiwa picha yaweza kutoka kileleni ikafika ghalani, hapana sababu ya picha ya jamvi la karafuu kushindwa.

KARANI NA GHALA

Kila tovuti ya siku hizi ina programu inayoiendesha, nayo huitwa mfumo wa kusimamia maudhui. Jina ni refu, basi katika makala hii tutaiita karani wa tovuti. Tovuti yetu hutumia karani aitwaye WordPress, ambaye alitolewa kwa mara ya kwanza mwezi Mei 2003 na ndiye anayetumika zaidi duniani. Kazi yake ni kupokea makala na picha, kuziandika katika daftari lake, na msomaji akija, kumtolea ukurasa anaoutaka.

Desturi ya karani huyu, asipoamriwa vingine, ni kuziweka picha zote chumbani mwake, katika majalada yaliyopangwa kwa mwaka na mwezi. Tena haweki picha moja tu. Kila picha kubwa anayopokea huitengenezea nakala ndogo kadhaa, za upana wa nukta 150, 300, 768, 1,024 na kuendelea, ili msomaji mwenye simu ndogo asilazimike kupokea picha kubwa. Hiyo ni kazi njema, lakini picha moja huzaa sita au saba. Picha ya simu kwa kawaida ina uzito wa megabaiti 3 hadi 5. Tukichukua 4, picha 1,000 ni gigabaiti 4, na nakala zake bado hatujazihesabu. Chumba tulichokuwa tumekodi kilikuwa kidogo. Ajabu si kwamba kilijaa. Ajabu ni kwamba hatukupiga hesabu mapema.

Sasa, kuunganisha ghala la mbali na karani wa tovuti maana yake ni kumwamuru hivi: "Picha ikija, ipeleke ghalani. Wewe andika anwani yake tu katika daftari." Msomaji akifungua ukurasa, karani humpa maneno pamoja na anwani ya kila picha. Simu ya msomaji yenyewe huenda moja kwa moja ghalani na kuichukua picha. Karani habebi mzigo tena. Yeye huonyesha mahali mzigo ulipo, kama orodha ya mnada inavyoonyesha nambari ya fungu.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, nasi tunaomba kila mwanachama apashike. Baada ya kuunganisha, tovuti yetu haitakuwa na picha. Itakuwa na anwani na ufunguo. Anwani ikiharibika, picha itakuwako ghalani salama salimini, lakini ukurasa utaonyesha kisanduku kitupu. Ufunguo ukipotea, hatutaweza kuingiza picha wala kuitoa, ijapokuwa ni yetu. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

NAMNA YA KUUNGANISHA

Kazi yenyewe si ngumu, na mtu mwenye ujuzi wa wastani aweza kuimaliza kwa siku moja au mbili. Lakini ina utaratibu wake, na anayeruka hatua hujuta.

Kwanza, kabla ya kugusa chochote, nakala kamili ya tovuti ichukuliwe, yaani picha zote pamoja na daftari la karani, na iwekwe katika diski mbali na mashine ile.

Pili, akaunti ifunguliwe kwa kampuni yenye maghala, kwa jina la chama. Habari za jina hili tutazieleza zaidi hapa chini.

Tatu, ghala liundwe na nchi lilipo ichaguliwe. Likiwa karibu na wasomaji, picha hufika upesi zaidi. Kwa wasomaji walio mbali, yako makampuni yenye vituo vya kusambazia katika miji mingi, ambavyo huweka nakala ya picha inayoombwa mara nyingi, kama duka la rejareja linavyoweka akiba kidogo ili mnunuzi asiende kila mara ghala kuu.

Nne, utengenezwe ufunguo maalumu kwa ajili ya karani wa tovuti. Ufunguo huu una sehemu mbili: jina linalomtambulisha na neno la siri refu. Nao usiwe ufunguo wa mwenye nyumba. Karani apewe ruhusa ya kuweka, kusoma na kufuta picha katika ghala moja hilo tu. Asiweze kufungua maghala mengine, wala kugusa malipo, wala kuongeza watu. Mwizi akiupata, hasara itaishia mlango mmoja.

Tano, karani aongezewe programu-jalizi, yaani programu ndogo inayomfundisha njia ya kwenda ghalani. Neno la siri liandikwe katika faili la mipangilio la mashine, ambalo wasomaji hawalioni. Lisiandikwe katika ukurasa, wala lisitumwe katika kundi la simu, hata kwa dakika moja. Wako watu duniani ambao kazi yao ni kutafuta funguo zilizoanguka njiani, na mashine zao hazilali.

Sita, anwani ya picha ianze na jina la tovuti yetu wenyewe, wala isianze na jina la kampuni ya maghala. Jambo hili dogo lina faida kubwa. Siku tutakapotaka kuhamia kampuni nyingine yenye nafuu, tutageuza njia nyuma ya kibao, na kibao chenyewe kitabaki vile vile. Kurasa zetu zote za zamani hazitahitaji kuguswa.

Saba, ijaribiwe picha moja. Ipandishwe, itazamwe kwa kompyuta na kwa simu, kisha ifutwe, na kuangaliwa kama kweli imeondoka ghalani. Ikifaulu, ndipo picha za zamani zihamishwe. Wengi hukosea hapa, maana programu-jalizi nyingi hushughulikia picha mpya tu. Za zamani hubaki chumbani mpaka zihamishwe kwa amri yake maalumu, na anwani zake katika daftari zibadilishwe. Hapo ndipo kurasa zipitiwe moja moja. Picha zilizo chumbani zisifutwe mpaka wiki kadhaa zipite bila lalamiko lolote. Sisi tulifuta kwa haraka, na mnajua tulichopoteza.

UFUNGUO UWE WA NANI?

Wenzetu wa mlimani walituonyesha mafanikio yao, na hawakutuficha aibu yao pia, nasi tunawashukuru kwa hilo. Walipoanza, kijana mmoja mwenye bidii alijitolea kufungua akaunti ya ghala. Alitumia barua pepe yake, nambari yake ya simu, na kadi yake ya benki. Hapakuwa na nia mbaya; alitaka kuwasaidia wazazi wake. Chama kikawa kinamrudishia fedha zake kila mwezi, na kila mtu akaridhika.

Baadaye kijana alipata kazi Dar es Salaam akahama. Kadi yake ikafikia mwisho wa muda wake. Kampuni ya maghala ikaandika barua za kukumbusha malipo, lakini zote zilikwenda katika barua pepe ambayo kijana hakuwa akiifungua tena. Siku moja wanachama wakafungua tovuti wakakuta maneno yapo na picha hakuna. Walipojaribu kuingia ghalani, mlango uliwaomba nambari ya siri inayotumwa kwa simu, na simu ile laini yake ilikuwa imekwisha kufungwa. Chama kizima, chenye katibu na mweka hazina na muhuri, kikawa kimesimama nje ya ghala lake chenyewe. Walimtafuta kijana mpaka wakampata, akapanda basi akarudi Moshi, akathibitisha kwamba akaunti ni yake. Picha zilipatikana zikiwa zimebakiwa na siku chache tu kabla ya kufutwa kabisa.

Wanachama wenzetu, hakuna kati yetu ambaye angekubali fedha za chama ziwekwe benki kwa jina la mtu mmoja, hata awe mwaminifu namna gani. Tunataka watia saini wawili au watatu, na mtu akiondoka huandikwa mwingine. Picha nazo ni mali ya chama. Basi akaunti iwe kwa jina la chama, kwa barua pepe ya ofisi. Simu ya uthibitisho iwe ya ofisi, ikae kabatini. Wawepo watu wawili wenye mamlaka ya kuingia, kila mmoja kwa jina lake na neno lake la siri, ili ijulikane nani alifanya nini. Nambari za dharura ambazo kampuni hutoa ziandikwe katika karatasi, zitiwe katika bahasha, zifungiwe pamoja na hati za chama. Na karani wa ofisi akibadilika, funguo zote zibadilishwe siku ile ile. Hilo si kumtukana anayeondoka. Ni kumlinda yeye na sisi, ili kesho likitokea jambo asishukiwe.

MLANGO WA WAZI NA MLANGO WA KUFUNGWA

Si kila picha ni ya watu wote. Picha ya mikarafuu au ya majamvi mtu yeyote na aitazame. Lakini ofisini tuna picha za vitambulisho vya wanachama, hati za mashamba, na nambari za akaunti za benki. Vitu hivyo visiwe katika ghala moja na picha za tovuti, hata kwa siku moja.

Ghala la wazi lina tabia hii: yeyote mwenye anwani hupata picha, naye haulizwi ni nani. Watu wengi duniani wamefichua siri za wateja wao kwa sababu walisahau kufunga mlango, ndiyo maana tangu Aprili 2023 ghala jipya la Amazon huzaliwa limefungwa, na mwenyewe ndiye anayepaswa kulifungua kwa makusudi. Kwa hiyo tutakuwa na maghala mawili. La pili litakuwa la kufungwa, na anayetaka hati yake atapewa anwani ya muda, inayokufa baada ya dakika chache. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nasi hatutaki chama chetu kiwe mfano mbaya.

GHALA NALO HUUNGUA

Wako wanaosema: tukishaweka katika wingu, tumemaliza. Hatukubaliani nao. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jumba moja la kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa. Wateja ambao hawakuwa na nakala mahali pengine walipoteza kila kitu. Walikuwa wamelipa, walikuwa katika wingu, na wingu likaungua.

Na barabara nayo hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa wakati mmoja, na Afrika Mashariki nzima intaneti ikazorota. Siku kama hizo picha zipo salama, ila njia ya kuzifikia ni mbovu.

Ndiyo sababu tunasema nakala ziwe tatu: moja ghalani, moja katika diski ya ofisi, na moja katika diski nyingine itakayokaa nyumba tofauti na ofisi. Tena ghalani iwashwe ile kanuni ya kutunza matoleo ya zamani, ili picha iliyofutwa kwa makosa ipate kurudishwa. Lau tungalikuwa na kanuni hiyo msimu uliopita, wazee wetu wangalikuwapo mpaka leo katika kurasa za chama.

GHARAMA

Mnataka kujua itagharimu kiasi gani, na ni haki yenu. Kuweka ni rahisi. Kwa ghala la kawaida huko Marekani, Amazon hutoza kiasi cha senti 2.3 za dola kwa kila gigabaiti kwa mwezi. Cape Town ni zaidi kidogo. Picha zetu zikifika gigabaiti 20, ni kama nusu dola au zaidi kidogo kwa mwezi.

Lakini jihadharini na gharama ya kutoa. Makampuni mengi hutoza pia kwa kila gigabaiti inayotoka kwenda kwa wasomaji, baada ya kiasi cha kwanza kinachotolewa bure. Tuchukue mfano. Picha moja ya megabaiti 4 ikitazamwa mara 10,000, zimetoka gigabaiti 40. Picha hiyo hiyo ikipunguzwa mpaka kilobaiti 200, ambazo zatosha kabisa kwa simu, zitatoka gigabaiti 2 tu. Msomaji naye atatumia bando dogo na hatangoja. Kwa hiyo kupunguza picha kabla ya kuionyesha ndiyo njia kubwa ya kubana matumizi. Ile asili nzito ibaki ghalani kwa kumbukumbu.

TUNAYOWAOMBA

Katika mkutano mkuu, Kamati italeta mambo matatu mbele yenu: kwamba chama kifungue maghala mawili, la wazi na la kufungwa, kwamba akaunti iwe kwa jina la chama, chini ya watu wawili mtakaowachagua ninyi, na kwamba mweka hazina asome hesabu ya ghala katika kila mkutano, kama asomavyo hesabu ya benki. La kwanza ni la fedha, nazo si nyingi. La pili na la tatu ni la uaminifu, na hayo ndiyo tunayoyatilia mkazo.

Mkituletea picha za mashamba yenu, zitumeni kama hati, siyo kama picha ya kawaida ya WhatsApp, maana WhatsApp huzikamua zikapoteza ubora. Na jina la faili liseme kilichomo: mahali, kazi, mwezi na mwaka, bila kuacha nafasi kati ya maneno. Picha iitwayo "uanikaji-wete-2024-10" itapatikana hata baada ya miaka 20. Picha isiyo na jina ni gunia lisilo na nambari. Lipo ghalani, na hakuna ajuaye ni la nani.

Mwisho, tuna ombi moja. Zamani picha zilichapwa katika karatasi, na huenda katika makasha yenu ya nyumbani, au katika albamu za mama zetu, ikabaki moja ya mkutano ule wa kwanza chini ya mwembe. Aliye nayo na ailete ofisini. Tutainakili mbele ya macho yake, dakika ile ile tutamrudishia ya karatasi, na majina ya waliomo tutayaandika pamoja naye. Ikipatikana, itakuwa ndiyo ya kwanza kuingia katika ghala jipya, na yule mzee tutamwendea nyumbani kwake wenyewe.

Sisi watumishi wenu,

Katibu, kwa niaba ya Kamati